Mnyororo wa -ka-: kusoma sura ya kwanza ya Yona kwa sarufi ya Kiebrania

Msikilize mtu wa Tanga akieleza asubuhi yake ilivyokwenda. "Juzi nilitoka Sahare alfajiri, nikapita Deep Sea, nikakuta mashua zimeshafika, nikanunua changu wawili, nikarudi. Mke wangu hayupo. Alikuwa amekwenda Ngamiani, barabara ya 12, kwa dada yake. Basi nikawapara mwenyewe, nikawakaanga."

Kisa kinafunguliwa kwa -li- mara moja tu, kisha -ka- inakibeba. Kila -ka- ni hatua moja mbele. Msimuliaji akitaka kusimama ili aeleze jambo la pembeni, -ka- inatoweka: "hayupo", "alikuwa amekwenda". Msikilizaji anajua, bila kuambiwa, kwamba hapo kisa hakijasogea. -ka- ikirudi ("nikawapara"), safari imeendelea.

Kiebrania cha Agano la Kale kinasimulia kwa namna hiyo hiyo. Kina umbo la kitenzi ambalo kazi yake kubwa ni kusogeza kisa, na wanasarufi huliita wayiktoli. Msemaji wa Kiswahili analielewa upesi kuliko wanafunzi wengi wa Ulaya, ambao lugha zao hazina kiambishi cha kazi hiyo na hulazimika kulifafanua kwa kurasa nyingi. Sisi tunalo mdomoni tangu utotoni. Ndiyo maana napenda jumuiya na vikundi vya kusoma Biblia hapa mjini, Chumbageni, Makorora na kwingineko, viache kuiona sarufi ya Kiebrania kama mali ya vyuo vya theolojia peke yake. Kwa masimulizi, maumbo matano yanakufikisha mbali.

Tuanze na umbo lenyewe. Hili ni neno linalokutana nawe karibu kila ukurasa: וַיֹּאמֶר, wayomer, "akasema". Soma kutoka kulia. Herufi ya kwanza ni vav, na chini yake kuna kistari kilicholala kiitwacho pataha, chenye sauti ya a. Inayofuata ni yod, na ndani yake kuna nukta, dageshi, inayoikaza herufi. Vav yenye a pamoja na herufi iliyokazwa, hiyo ndiyo wayiktoli. Ukiiona vav ileile ina nukta mbili zilizosimama chini yake (sheva) badala ya pataha, neno limebadilika: linakaribia "na aseme" au "ili aseme". Irabu moja inatenganisha jambo lililotendeka na jambo linalotakiwa litendeke, kwa hiyo usilipite neno kwa haraka.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni yod yenye sheva, ambayo huiangusha dageshi. Neno וַיְהִי, wayhi, "ikawa", halina nukta kwenye yod, na bado ni wayiktoli kamili. Mwanafunzi anayetafuta nukta peke yake ataliruka, na hili ni mojawapo ya maneno yanayorudiwa sana katika masimulizi yote. Wa pili ni nafsi ya kwanza. Herufi alefu haikubali kukazwa, hivyo vav inarefusha irabu yake na alama ya chini inakuwa kamatsi: waomar, "nikasema". Sauti haibadiliki sana kwa sikio letu, ila alama si ile ya pataha.

Waliopitia madrasa, na Tanga ni wengi, watasonga haraka sehemu ya mizizi. Konsonanti tatu zinazobeba maana ni jambo wanalolijua: k-t-b imetupa kitabu, katibu na maktaba, na Kiebrania kinasema katav, "aliandika". Ila wasiichukue wa ya Kiarabu wakaipachika hapa. Katika Kiarabu wa ni "na" tu na haibadilishi kazi ya kitenzi. Katika wayiktoli vav imeshikana na kitenzi kiasi kwamba hakuna neno linaloweza kuingia katikati.

Hapo kwenye kushikana ndipo mambo yanapoanza.

Kwa kuwa vav na kitenzi haviachani, wayiktoli lazima ikae mwanzo wa kishazi. Kiebrania husema "akasema Mungu", kitenzi kwanza, kiima baadaye. Mwandishi akitaka kuweka kitu kingine mbele ya kitenzi, awe mtu, mahali au kanusho, hawezi tena kutumia wayiktoli. Analazimika kuhamia umbo jingine, katali, linalokaribia -li- au -me- yetu. Mnyororo umekatika.

Kwenye kanusho Kiswahili kinafanya vilevile, na sijui kwa nini walimu hawalisemi hili mara kwa mara. Jaribu kukanusha -ka- ya masimulizi. Huwezi. Utasema "akatafuta, hakumwona" au "akatafuta asimwone", na kwa vyovyote -ka- imeondoka. Tazama Yona 1:13: mabaharia wanapiga makasia kwa nguvu wairudishe merikebu nchi kavu (wayiktoli), welo yakholu, "wala hawakuweza" (lo ya kukanusha, na baada yake katali). Kilichofanya umbo libadilike ni kanusho peke yake. Kwa hiyo ukikuta welo, usikimbilie kutafuta siri. Sarufi haikumpa mwandishi njia nyingine.

Kwenye kiima, lugha zetu mbili zinaachana, na hapa ndipo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapopoteza kitu. Kiswahili kinaruhusu "Mungu akasema" na "akasema Mungu", na -ka- inabaki palepale. Basi mwandishi wa Kiebrania anapoukata mnyororo kwa makusudi, akamtanguliza mtu mbele ya kitenzi, mfasiri wa Kiswahili anaweza kuandika -ka- bila kosa lolote la Kiswahili, na mkato usionekane. Biblia ya Muungano ya 1952, iliyochukua nafasi ya tafsiri za Kiunguja na Kimvita, ina Kiswahili kizuri na ninaiheshimu. Lakini haiwezi kukuonyesha kila mkato.

Mfano mdogo uko katika aya ya pili kabisa ya Biblia. "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji," inasema Biblia ya Muungano. Ukiisoma kwa Kiswahili, ni tukio: nchi ilikuwa ukiwa, kisha Roho ikatulia. Katika Kiebrania ni partisipi, merahefet, umbo la jambo linaloendelea, "ilikuwa ikitanda". Hakuna hatua iliyopigwa katika aya hiyo. Kuna vishazi vitatu vya hali: nchi ilivyokuwa, giza lilipokuwa, Roho ilivyokuwa ikitanda. Wayiktoli ya kwanza ni ya aya ya 3: "Mungu akasema". Kisa kinaanza kutembea pale Mungu anapofungua kinywa, na aya mbili zilizotangulia ni jukwaa.

Sasa kazi yenyewe. Nimechagua Yona kwa kuwa ni kifupi, ni hadithi ya bahari, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa tufani ni nini.

Chukua karatasi na kalamu ya risasi. Kwanza weka kando maneno yote ya wahusika. Mazungumzo yana sarufi yake, yenye amri, maombi na mambo yajayo, na ukiyachanganya na masimulizi hesabu yote itaharibika. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza. Acha "akasema", futa alichosema. Pili, andika kila kishazi mstari wake, kitenzi kikuu kimoja kwa mstari. Tatu, kila mstari unaoanza kwa wayiktoli uanzie ukingoni kabisa, na kila mstari ambao kitu kimetangulia kitenzi usogezwe ndani. Vishazi visivyo na kitenzi na vya partisipi visogezwe ndani zaidi. Ukitumia programu inayotoa umbo la kila neno, utaona alama za herufi. Katika hazina huria ya OpenScriptures, kwa mfano, wayiktoli ni w, katali ni p, yiktoli (umbo la jambo lijalo au lisilokamilika) ni i, wekatali (nitaifafanua mbele) ni q, partisipi ya kutenda ni r. Usiamini macho yako peke yake wiki za mwanzo. Linganisha na alama hizo.

Yona 1:3 hadi 5 inatokea hivi, neno kwa neno kadiri Kiswahili kinavyoruhusu:

Akaondoka Yona ili akimbilie Tarshishi
akashuka Yafa
akakuta merikebu iendayo Tarshishi
akatoa nauli yake
akashuka ndani yake
— — na BWANA, alitupa upepo mkuu baharini
ikawa tufani kubwa baharini
— — na merikebu, ilidhani itavunjika
wakaogopa mabaharia
wakalia kila mtu kwa mungu wake
wakatupa baharini vyombo vilivyomo merikebuni
— — na Yona, alikuwa ameshuka pande za ndani kabisa za chombo
akalala
akazama usingizini

Wayiktoli kumi na moja, mikato mitatu. Itazame mikato peke yake: na BWANA, na merikebu, na Yona. Mwandishi amewavuta mbele watatu, mmoja baada ya mwingine. Mpaka mwisho wa aya ya 3 Yona ndiye mtendaji wa kila kitenzi, anakwenda atakako. Kisha mnyororo unakatwa na jina la BWANA. Huo si mwendelezo wa safari ya Yona. Mwingine ameingia, na sarufi imemfungulia mlango.

Mkato wa pili ni merikebu, na kitenzi kilichotumika, hishva, ni cha kufikiri, kupiga hesabu. Biblia ya Muungano inasema "merikebu ikawa karibu na kuvunjika", na maana imefika. Ila Kiebrania kimeifanya merikebu iwe kama mtu anayewaza kifo chake, wakati abiria mmoja hawazi chochote.

Mkato wa tatu ndio uliobeba uzito. Mabaharia wako kwenye mnyororo: wakaogopa, wakalia, wakatupa. Kelele tupu. Kisha "na Yona", na kitenzi ni katali, yarad. Hapa inakubidi uulize, kwa sababu mkato hauji na maana moja. Je, ni tofauti kati ya watu wawili? Ni mambo mawili kwa wakati mmoja? Ni jambo lililotangulia? Ni mlango wa tukio jipya? Mara nyingi jibu ni zaidi ya moja. Hapa Yona alishuka kabla tufani haijachafuka, kwa hiyo ni jambo lililotangulia, na wafasiri wa Biblia ya Muungano wameliona: "alikuwa ameshuka". Wakati huohuo ni tofauti: hao wanalia, huyu kalala. Kisha wayiktoli mbili za mwisho, akalala, akazama usingizini, zinachukua wakati wao kutoka kwa yarad, kama -ka- yetu inavyofuata wakati wa kitenzi kilichoitangulia. Zote zilishatokea.

Ukishaupanga mstari kwa mstari, na maneno yanayorudi yanajitokeza yenyewe. Yona anashuka Yafa, anashuka ndani ya merikebu, ameshuka pande za ndani, na katika sala yake anasema alishuka hata chini ya milima. Mzizi ni uleule, y-r-d. Biblia ya Muungano inasema "akapanda merikebu", na isingeweza kusema vingine, kwa kuwa Kiswahili hupanda chombo, hakishuki ndani yake. Lakini ngazi ya kushuka imepungukiwa kidato hapo. Ndivyo ilivyo na BWANA "alituma" upepo: Kiebrania kina hetil, kutupa kwa nguvu, na kitenzi hicho ndicho mabaharia wanachotumia kwa shehena, na baadaye kwa Yona mwenyewe. BWANA anatupa upepo, wao wanatupa vyombo, mwisho wanamtupa mtu.

Kidogo kuhusu neno chombo katika mkato wa tatu. Mwandishi ametumia onia, merikebu, aya nzima, halafu anapofika kwa Yona anabadili: sefina. Katika Agano la Kale lote neno hilo liko hapa tu. Ni ndugu wa safina yetu tuliyoipata kwa Waarabu, ingawa safina ya Nuhu kwa Kiebrania inaitwa teva, jina lingine kabisa.

Wanaotaka kujipima wasome 1 Samweli 25:1 kando ya 28:3. Mtu ni yuleyule, kifo ni kilekile. Kwenye 25:1 ni wayamot Shmuel, "akafa Samweli", wayiktoli: kisa kimefika kifoni mwake, Israeli wakakusanyika, wakamlilia, wakamzika. Kwenye 28:3 ni uShmuel met, "na Samweli, alikuwa amekufa". Jina limetangulia, kitenzi ni katali. Hakufa mara ya pili. Mwandishi anatukumbusha, na anaongeza mkato mwingine papo hapo: "na Sauli, alikuwa amewaondoa" wenye pepo wa utambuzi nchini. Vitu viwili vimewekwa mezani kabla Sauli hajajigeuza sura kwenda Endori: nabii hayupo, na njia anayotaka kuishika ameifunga mwenyewe. Ukizisoma aya hizo kama mfululizo wa -ka- utachanganyikiwa. Ukiona mikato, mlango wa sura unafunguka.

Kaini na Habili nako ni kuzuri. Mwanzo 4:4, "Habili naye akaleta" ni -ka- kwa Kiswahili. Kwa Kiebrania Habili amevutwa mbele na kitenzi ni katali. Ukifuata majina kuanzia nusu ya pili ya aya ya 2 yanakuja hivi: Habili, Kaini, Kaini, Habili, Habili, Kaini. Sadaka mbili zimewekwa uso kwa uso, na baada ya "Kaini hakumtakabali" ndipo wayiktoli inarudi: Kaini akaghadhibika. Hasira yake ndiyo inayosukuma kisa tena.

Maumbo mengine nitayapitia upesi. Wekatali ni vav ya kawaida juu ya katali, na ndani ya masimulizi mara nyingi inaonyesha desturi, kama "alikuwa aki-". Elkana katika 1 Samweli 1:3 hakukwea mara moja, alikuwa akikwea kila mwaka. Ila liko gumu pale linapotokea mahali pasipo desturi, kama Mwanzo 15:6, Abramu alipomwamini BWANA. Wasomi wanavutana, na anayeanza asijenge mahubiri juu yake. Neno hine, ambalo limezoeleka kama "tazama", katika masimulizi mara nyingi ni "kumbe": tunaona kwa macho ya mhusika. Asubuhi ile ya Yakobo, kumbe ni Lea. Wafasiri wetu walilipatia sana hapo.

Na wayhi, je? Ikifuatwa na wakati ("ikawa baada ya mambo hayo") inafungua tukio. Ikifuatwa na kitu ("ikawa tufani kubwa") ni tukio lenyewe, iache ukingoni. Wapo wanaokata kisa vipande kila wanapoona wayhi, na wanaishia na vipande visivyo na kichwa wala miguu.

Usidhani pia kwamba kila wayiktoli ni hatua mpya baada ya ile iliyopita. Mwanzo 37:5 inasema Yusufu akaota ndoto, akawaambia ndugu zake, wakazidi kumchukia. Aya ya 6, akawaambia, sikieni ndoto hii. Hakuwaambia mara mbili. Aya ya 5 imejumlisha, ya 6 inafafanua. Mzee wa Tongoni anasimulia hivyohivyo na hakuna anayemwuliza.

Rudi sasa kwa Yona, umalizie sura hadi aya ya 16 kwa karatasi yako. Kwenye aya za 15 na 16, pale wanapomtupa, ungetarajia mwandishi asimame, aeleze bahari ilivyokuwa, amtaje Yona mbele. Hakuna. Wakamwinua, wakamtupa, bahari ikatulia, wakaogopa, wakatoa sadaka, wakaweka nadhiri: wayiktoli sita bila mkato hata mmoja. Na hapo angalia hesabu ya aya, maana Biblia ya Kiebrania inaimaliza sura ya 1 kwenye aya ya 16, na 1:17 ya Kiswahili ni 2:1 yao. Ukitafuta kwa namba utajikuta aya moja nyuma sura ya 2 yote. Aya hiyo inaanza wayman, "akaweka tayari BWANA samaki mkubwa". Kwa upepo, BWANA alitangulizwa akaukata mnyororo. Kwa samaki yuko ndani ya mnyororo, nyuma ya kitenzi chake, na samaki anafika kama hatua ya saba baada ya zile sita.